Mkataba na Kazi: Maelezo juu ya Ajira ya Makocha wa Mpira katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika Kiswahili neno "kocha" limekwisha kuwa mwenyeji, na wingi wake "makocha" haumsumbui mtu. Hata hivyo wachezaji wengi wa Afrika ya Mashariki hupenda bado kumwita mkuu wao "mwalimu". Tofauti ya majina haya mawili si kubwa katika viwanja vya Dar es Salaam au Mombasa, lakini katika vyuo vikuu vya Marekani ndiyo kiini cha jambo linaloelezwa hapa. Huko kocha wa mpira huajiriwa na chuo kile kile kinachoajiri walimu wa historia na wa hesabu, naye husifiwa kuwa mlezi wa wanafunzi. Walakini mwalimu wa historia akisha kuthibitishwa hawezi kuondolewa kwa urahisi, ilhali kocha aweza kuondolewa Jumapili asubuhi kwa sababu ya mchezo wa Jumamosi. Mahali pa ulinzi wa kazi pamewekwa fedha, na fedha hizo, kadiri zilivyoongezeka, hazikuifanya kazi yenyewe kuwa salama zaidi.

Mpira unaotajwa hapa si kandanda, bali ni mchezo wa Kimarekani unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai, kwa mikono zaidi kuliko miguu, na wachezaji kumi na mmoja kila upande. Vyuo vinavyoshindana katika daraja la juu vyapita 130. Kila kimoja hucheza michezo 12 hivi katika majira ya vuli, na viwanja kadhaa, kama vile vya vyuo vikuu vya Michigan, Ohio State na Penn State, huingiza watu zaidi ya 100,000. Uchache wa michezo ni jambo la kuzingatiwa. Timu ya kandanda ikishindwa mara tatu mfululizo ina miezi mingi ya kujirekebisha. Huku kushindwa mara tatu ni robo ya mwaka mzima.

Hapo mwanzo palifanywa jaribio la namna nyingine. Amos Alonzo Stagg alifika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892, chuo kilipofunguliwa, akiwa ameitwa na rais wa kwanza, William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha huko Yale. Harper hakumwajiri kwa msimu mmoja kama desturi ilivyokuwa. Alimpa cheo miongoni mwa walimu wa chuo, na uongozi wa idara ya mazoezi ya mwili, pamoja na ajira ya kudumu. Stagg alikaa hapo misimu 41. Katika miaka yake ya mwisho timu ilishindwa mara nyingi, lakini hakuondolewa kwa kushindwa. Aliondoka baada ya msimu wa 1932 kwa sababu alikuwa ametimiza miaka 70, umri ambao kanuni ya chuo ilimtaka kila mwalimu astaafu. Yaani aliondoka kwa mlango ule ule waliotokea maprofesa. Hakuridhika na kustaafu, akaenda California kuifundisha timu ya chuo kingine mpaka mwaka 1946. Chicago yenyewe iliacha kabisa mpira huo mkubwa mnamo Desemba 1939.

Mfano wa Stagg haukufuatwa. Vyuo vingine viliona ni afadhali kumfunga kocha kwa mkataba wa miaka michache kuliko kumpa ajira ya kudumu, na makocha nao waliona kwamba mshahara mkubwa ni bora kuliko cheo cha ualimu. Taarifa ya Taasisi ya Carnegie ya mwaka 1929 juu ya michezo ya vyuo ilikwisha kulalamika kwamba kocha mkuu wa mpira hulipwa kupita profesa, na kwamba biashara imeingia mahali pa elimu. Malalamiko hayo yamerudiwa mara nyingi tangu hapo, wala hayakubadili kitu.

Sasa yafaa kuutazama mkataba wenyewe, na hasa maneno mawili yaliyomo ndani yake ambayo mfasiri wa Kiswahili akiyachukua kwa haraka atapotoka. Mikataba ya makocha hutenga kuachishwa kazi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuachishwa kwa sababu: mkataba hutaja orodha ya makosa, kama vile uhalifu, kuvunja kwa makusudi kanuni za michezo, kukaidi amri za chuo, au mwenendo wa aibu. Kocha akikutwa na kosa mojawapo huondoka mikono mitupu. Namna ya pili ni kuachishwa bila sababu, na hapo chuo humlipa sehemu kubwa ya mishahara ya miaka iliyosalia, au yote.

Katika lugha ya kila siku mtu "aliyefukuzwa bila sababu" ni mtu aliyeonewa. Katika mikataba hii maana siyo hiyo. Sababu ipo, na watu wote waliokaa uwanjani waijua: ameshindwa. Ila kushindwa hakumo katika orodha ya makosa, na kwa hiyo mbele ya sheria ni kama hakuna sababu. Kwa msomaji wa Tanzania tafsiri ya neno kwa neno ina hatari ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kufuata utaratibu wa haki. Basi mtu akisoma kwamba mkataba wa Marekani waruhusu kuachishwa "bila sababu", atadhani ameona mkataba haramu. Ingefaa zaidi kusema "kuachishwa kwa kosa" na "kuachishwa pasipo kosa", maana ubishi wote huwa juu ya kosa, siyo juu ya sababu.

Malipo yenyewe nayo yanahitaji jina. Magazeti ya michezo ya Afrika ya Mashariki husema "gharama ya kuvunja mkataba", na usemi huo watosha. "Kiinua mgongo" hakifai hata kidogo, kwa kuwa kiinua mgongo ni shukrani kwa kazi iliyofanyika, na malipo haya ni bei ya kazi ambayo haitafanyika kamwe. Hata misemo ya mitaani inashindwa hapa. Mkenya atasema kocha "amepigwa kalamu", Mtanzania atasema "amemwaga unga". Usemi wa kwanza hutazama mkono wa mwajiri, wa pili hutazama jiko la mwajiriwa. Lakini kocha mkuu wa siku hizi, kalamu ikisha kumpitia, jiko lake huwa limejaa kuliko lilivyokuwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni wa Texas A&M. Mnamo Desemba 2017 chuo hicho cha serikali kilimwajiri Jimbo Fisher, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa taifa huko Florida State, kwa mkataba wa miaka 10 wenye dola milioni 75, zote zikiwa zimedhaminiwa. Mwaka 2021 mkataba ulirefushwa mpaka mwaka 2031 na mshahara ukapandishwa. Tarehe 12 Novemba 2023 Fisher aliachishwa pasipo kosa, na chuo kikawa kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75. Fungu la kwanza lilipaswa kulipwa katika siku 60, na yaliyobaki kila mwaka mpaka 2031. Tena mkataba haukumlazimisha kutafuta kazi nyingine, wala haukusema kwamba akiipata malipo yatapunguzwa. Viongozi wa chuo walieleza kwamba fedha zitatoka katika mapato ya idara ya michezo na kwa wafadhili, siyo katika karo za wanafunzi. Maelezo hayo yaweza kuwa kweli kwa hesabu za daftari. Lakini mfadhili aliyetoa kumwondoa kocha ni mfadhili ambaye angeweza kuombwa atoe kwa ajili ya maktaba.

Kwa nini chuo kikubali masharti ya namna hiyo? Jibu la kwanza ni kwamba makocha wana mawakala hodari, na vyuo huingia sokoni vikiwa na haraka. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. La maana zaidi latoka katika njia ya kupata wachezaji. Kila mwaka kocha huzunguka katika shule za sekondari akiwabembeleza vijana wa miaka 17 na wazazi wao. Mzazi huuliza: wewe utakuwapo mpaka mwanangu amalize? Kocha aliyebakiwa na mkataba wa miaka miwili hana jibu, na wapinzani wake hawakosi kumkumbusha mzazi jambo hilo. Basi chuo humwongezea miaka, si kwa sababu kina hakika naye, bali ili aonekane kuwa na hakika. Miaka hiyo ya maonyesho ikiisha kuandikwa huwa ni deni halisi. Ndivyo ilivyo kwamba kocha anapofika ukingoni mwa kuachishwa, mkataba wake mara nyingi huwa bado mbichi.

Habari za Charlie Weis zaonyesha jinsi haraka hii inavyogharimu. Aliajiriwa na Notre Dame kwa ajili ya msimu wa 2005, na mnamo Oktoba mwaka huo huo, kabla hajamaliza hata msimu mmoja, alipewa mkataba mpya wa miaka 10. Mwishoni mwa Novemba 2009 aliachishwa. Malipo yaliendelea mpaka mwisho wa mwaka 2015, na jumla yake ilikaribia dola milioni 19. Katikati ya muda huo alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Kansas, akaachishwa huko pia Septemba 2014. Ikawa mtu mmoja alipwa na vyuo viwili kwa kutofundisha kwenye chochote kati yao.

Mara nyingine bei huamuliwa na tarehe ya kalenda. Scott Frost aliporudi Nebraska mwishoni mwa mwaka 2017 alipokewa kama mwana wa nyumbani, kwani alikuwa mchezaji wa timu yao iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 1997. Katika misimu iliyofuata alishinda michezo 16 na kushindwa 31. Kwa mkataba wake, tarehe 1 Oktoba 2022 gharama ya kumwachisha ilikuwa ishuke kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7 na nusu. Tarehe 10 Septemba timu yake ilifungwa nyumbani na Georgia Southern kwa pointi 45 kwa 42, na kesho yake akaachishwa. Chuo hakikuweza kungoja majuma matatu kwa dola milioni saba na nusu. Mtu aweza kuiita pupa. Lakini tangu mwaka 2017 vijana wa shule za sekondari huruhusiwa kutia saini mnamo Desemba, mahali pa Februari kama zamani, na tangu 2021 mchezaji aweza kuhama chuo pasipo kukaa nje msimu mzima. Chuo kinachongoja mpaka msimu uishe hukuta makocha wazuri wamekwisha kuchukuliwa na wachezaji wamekwisha kutawanyika. Saa ya kumwondoa kocha imesogezwa kutoka Desemba hadi Oktoba, na hata Septemba.

Kwa kuwa kuachishwa pasipo kosa ni ghali, chuo huona tamaa ya kutafuta kosa, na hapo ndipo mahakama zinapoingia. Si kila dai la kosa ni la hila. Michigan State ilipomwondoa Mel Tucker mnamo Septemba 2023, ilitaja kifungu cha mwenendo wa aibu kufuatia malalamiko ya kumsumbua mwanamke mmoja kijinsia. Tucker alikana kosa, na mwaka uliofuata akafungua kesi. Kilichokuwa katika mizani kilikuwa yapata dola milioni 80 zilizosalia katika mkataba wake wa milioni 95. Neno moja likiwa na uzito wa dola milioni 80, haishangazi kwamba wanasheria hulipima kila herufi.

Mwaka 2025 mjadala wa namna hii ulionekana waziwazi huko Louisiana State. Brian Kelly alikuwa ametolewa Notre Dame mwishoni mwa mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 95. Tarehe 26 Oktoba 2025, siku moja baada ya kufungwa na Texas A&M, alitangazwa kuwa ameondolewa, na deni lilikuwa karibu dola milioni 54. Gavana wa jimbo alilaumu hadharani mikataba ya namna hiyo, na katika siku chache mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, akaondoka kazini. Huyu Woodward ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa Texas A&M Fisher alipoajiriwa. Mnamo Novemba Kelly alikwenda mahakamani akitaka itamkwe kwamba ameachishwa pasipo kosa, kwa maana upande wa chuo ulikuwa umeanza kusema kwamba hajaachishwa rasmi bado na kwamba kosa laweza kupatikana. Kabla mwezi haujaisha chuo kilikiri kwa maandishi kwamba hakuna kosa. Kwa muda wa majuma kadhaa, basi, palikuwako mtu ambaye dunia nzima ilijua kwamba si kocha tena, na ambaye sheria haikuwa imekubali bado kwamba ameachishwa.

Si kila kocha anayekwenda mahakamani hupata mlango wazi. Texas Tech ilimwondoa Mike Leach tarehe 30 Desemba 2009, baada ya malalamiko juu ya jinsi alivyomtendea mchezaji aliyeumia kichwa. Naye alikana kumtendea vibaya. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupata dola 800,000 za ziada. Leach alidai kwamba mkataba umevunjwa, lakini mwaka 2011 mahakama ya rufani ya Texas ilishikilia kwamba chuo cha serikali kina kinga ya dola, hakiwezi kudaiwa fedha kwa kuvunja mkataba isipokuwa serikali imeridhia; na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa kuisikiliza rufani. Leach alifundisha tena kwingine mpaka kifo chake cha Desemba 2022, lakini fedha hizo hakuzipata. Ulinzi wa kocha, yaonekana, hutegemea pia ni jimbo gani limetia saini.

Kuna kesi ya zamani kidogo ambayo yafaa kutajwa kwa ajili ya wapenzi wa lugha. Pepper Rodgers aliondolewa Georgia Tech mnamo Desemba 1979, miaka miwili kabla ya mkataba kumalizika. Mshahara wake aliendelea kulipwa, na juu ya hilo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya neno moja la mkataba ambalo Kiswahili kina tafsiri yake kamili: marupurupu. Rodgers alidai thamani ya gari na petroli yake, uanachama wa vilabu vya wakubwa, tikiti za michezo, mapato ya vipindi vya redio na televisheni, kambi ya mafunzo ya kiangazi, na orodha ndefu ya vitu vingine. Mahakama ya Rufani ya Georgia, katika hukumu ya mwaka 1983, iliyachambua moja baada ya jingine. Vitu alivyopewa ili aifanye kazi, kama vile karani wa ofisini, si marupurupu, maana asiye na kazi hana haja ya karani. Lakini vitu alivyovipata kwa sababu ya kuwa kocha mkuu, hata vilivyotoka kwa watu wa nje ya chuo, vyaweza kuwa haki yake, na wazee wa baraza waamue. Tofauti hii kati ya chombo cha kazi na tunda la kazi ni ile ile ambayo msemaji wa Kiswahili huifanya pasipo kufikiri, asemapo kwamba gari la ofisi si marupurupu mpaka litumike Jumapili.

Mkataba una upande wa pili, maana kocha naye huondoka. Gerry DiNardo alitia saini na Vanderbilt mwaka 1990, na mwishoni mwa mwaka 1994 akaenda Louisiana State. Mkataba wake ulisema kwamba akiondoka mapema atalipa kiasi cha mshahara wa miaka iliyobaki. Alijitetea kwamba hiyo ni adhabu, siyo fidia, na sheria haikubali adhabu katika mikataba. Mwaka 1999 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona kwamba kwa muda wa mkataba wa kwanza kifungu kile ni fidia ya haki iliyokadiriwa tangu awali, kwani hasara ya kumpoteza kocha haipimiki kwa urahisi: tikiti, michango ya waliohitimu, vijana waliokwisha kuahidi kuja. Hukumu hiyo ndiyo iliyothibitisha desturi ya leo, ambapo kila kuondoka kuna bei na kwa kawaida bei hulipwa na chuo kipya. Lane Kiffin aliiacha timu ya Mississippi mwisho wa Novemba 2025, ikiwa karibu kuingia katika mashindano ya ubingwa wa taifa, ili akashike nafasi ya Kelly huko Louisiana. Wachezaji wake walicheza mashindano hayo chini ya mtu mwingine. Mzazi aliyeuliza "utakuwapo?" hakuuliza upuuzi.

Je, kuondoa kocha kwasaidia? E. Scott Adler, Michael J. Berry na David Doherty walichunguza michezo ya daraja la juu tangu 1997 mpaka 2010, wakazilinganisha timu zilizobadili kocha na timu za hali ile ile ambazo hazikubadili. Katika makala yao ya mwaka 2013 walieleza kwamba timu zilizokuwa mbovu kabisa hazikupata tofauti kubwa kwa kubadili, na timu za wastani ziliharibika zaidi. Nebraska ingeweza kuwa kielelezo chao. Mwishoni mwa Novemba 2003 ilimwondoa Frank Solich, aliyekuwa ameshinda michezo 58 na kushindwa 19, na ambaye msimu huo huo alishinda tisa kati ya 12. Chuo kilitaka makubwa zaidi. Tangu hapo wamepita Callahan, Pelini, Riley na Frost, na mpaka msimu wa 2025 ubingwa wa ligi ulioonekana mara ya mwisho mwaka 1999 haukurudi.

Pamoja na hayo si haki kusema kwamba vyuo havijui kutimiza ahadi. Notre Dame ilimpa Gerry Faust, kocha wa shule ya sekondari, mkataba wa miaka mitano kuanzia 1981. Ilidhihirika mapema kwamba kazi imemzidi; jumla yake ilikuwa ushindi 30, kushindwa 26 na sare moja. Rais wa chuo, Padre Theodore Hesburgh, alishikilia kwamba neno limetolewa, na Faust akamaliza miaka yake yote mitano. Chuo hicho hicho kilimwondoa Tyrone Willingham baada ya misimu mitatu tu, mwaka 2004, akiwa na ushindi 21 na kushindwa 15. Willingham alikuwa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuwa kocha mkuu wa mchezo wowote katika chuo hicho. Wengi waliona wakati ule kwamba uvumilivu aliopewa Faust haukupatikana kwake, na hesabu za ushindi hazisaidii kuwakanusha.

Mpaka hapa maelezo yamehusu makocha wakuu, kwa sababu mikataba yao husomwa na magazeti. Lakini kila kocha mkuu ana wasaidizi kumi au zaidi: wa ulinzi, wa mashambulizi, wa mazoezi ya nguvu, wa kutafuta vijana. Wakuu wachache wa ulinzi na mashambulizi hulipwa mamilioni na wana mikataba ya kuwakinga. Walio chini yao mara nyingi huandikwa kwa mwaka mmoja au miwili, na vijana wanaoanza kazi hupata kipato cha mwanafunzi. Kocha mkuu akiachishwa, mrithi wake huja na watu wake, na wale wa zamani hupewa siku chache za kuisafisha ofisi. Mara nyingi jambo hili hutokea Novemba au Desemba, katikati ya mwaka wa shule wa watoto, na kazi mpya ikipatikana huwa katika jimbo jingine. Hao ndio ambao usemi wa kumwaga unga wawahusu kwa maana yake ya asili.

Nao pia huwa na kifungu ambacho wengi wa wakubwa wao hujitahidi kukikwepa: wajibu wa kutafuta kazi nyingine, ili kila dola ya mshahara mpya ipunguze dola ya fidia. James Franklin, aliyeondolewa Penn State tarehe 12 Oktoba 2025 akiwa na deni la karibu dola milioni 49, alikuwa na kifungu cha namna hiyo. Alipokwenda Virginia Tech mwezi uliofuata, pande mbili zilipatana kwa milioni tisa, na magazeti yakamsifu kwa uungwana. Msaidizi aliyefanya kazi chini yake hakuwa na milioni za kusamehe. Yeye alianza kupiga simu usiku ule ule.